Historia na Sosholojia Zikae Darasa Moja

Mwili uko tayari kutolewa ndani, wazee wameshasimama, na mlangoni kalala mtu mzima, kajinyoosha kizingitini, anasema hapiti mtu hapo mpaka apewe chake. Ni mtani. Jana usiku alivaa koti la marehemu akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akawataja hadharani watu ambao marehemu alikuwa anawadai, na wafiwa waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Sasa ametupiwa noti mbili tatu, kaziangalia, kasema marehemu hakuwa mtu wa bei hiyo. Hakuna anayemkasirikia. Kumnunia mtani msibani ni kujiaibisha mwenyewe.

Tuseme pale kwenye mkeka wamekaa wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Wa sosholojia anaona jinsi jambo linavyofanya kazi. Makabila ambayo yangeweza kugombana yamepeana ruhusa ya kutaniana mpaka kutukanana, kwa hiyo chuki haina pa kuingilia, na kazi nzito za msiba zimepata mtu ambaye hajalemewa na kilio. Wa historia anauliza kwa nini mtani wa marehemu ni Mngoni na si Mmakonde, na utani huo umeanza lini. Kila mmoja ana nusu ya jibu. Kila mmoja akirudi chuoni atapewa alama nzuri kwa nusu yake, na hakuna atakayemwambia kuwa nyingine iko chumba cha pili.

Nusu ya kwanza aliiandika kwa ufasaha mwanaanthropolojia Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani. Huyu bwana hakupenda kabisa historia za kukisia. Kwake, pasipo na maandishi, kuanza kutafuta asili ya desturi kulikuwa ni kupoteza muda. Tahadhari hiyo si ya kupuuzwa, ila kwa utani wa Tanganyika hapakuwa na haja ya kukisia sana. Wanyamwezi wana watani katika makabila yaliyokuwa kando ya njia za misafara, kutoka Unyanyembe hadi pwani. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka Zambezi mwaka 1835, ni watani wa watu waliowahi kupigana nao, Wahehe wakiwemo, na vita vyao vya miaka ya mwisho ya 1870 havikuwa mchezo. Mpagazi akifia porini, miezi miwili ya mwendo kutoka kwao, nani atamzika? Aliyewekeana naye utani. Mmoja wa walioandika mapema juu ya jambo hili ni R. E. Moreau, mwaka 1941. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege kule Amani, milima ya Usambara. Ndiyo, ndege. Na miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya maelezo ya utani kabila kwa kabila, kazi ambayo huwezi kusema kama ni ya historia au ya sosholojia, na ndiyo sababu ina maana mpaka leo.

Nimeanza na utani kwa sababu kila msimu wa maombi ya vyuo nasikia mjadala uleule. Kijana amechaguliwa kusoma historia na sosholojia kwa pamoja, au anafikiria kuzichanganya pale chuo kinaporuhusu, na wakubwa zake wanamwambia ameokota masalia ya waliokosa sheria na biashara. Wanaomtetea nao wanamtetea vibaya, wanasema masomo hayo “yanapanua mawazo”. Mimi nasema mchanganyiko huo una mantiki kuliko mingi inayosifiwa, kwa sharti moja ambalo vyuo vyetu havilitimizi: yasomwe pamoja kweli, si kusomwa na mtu mmoja kwa nyakati mbili tofauti.

Mpaka kati ya masomo haya ni wa juzi tu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, alikaa kuandika historia ya dunia akaona haiandikiki kabla ya kueleza jamii zinavyosimama na kuanguka: watu wa jangwani wanavyoshikamana, mji unavyowalainisha, dola inavyokula kodi mpaka inajimaliza. Utangulizi wake, aliouandika mwaka 1377, ukawa mashuhuri kuliko historia yenyewe. Max Weber, ambaye wanafunzi wetu wanamkariri kama mtu wa nadharia, alianza kwa kuandika juu ya makampuni ya biashara ya enzi za kati na kilimo cha Warumi. Waliokata kipande hiki kuwa viwili ni vyuo vikuu, kwa mahitaji ya ofisi na bajeti.

Hasara ya mkato huo inaonekana vizuri katika vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Mwanafunzi wa sekondari anaijua vita hiyo kama orodha: kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida. Anaandika sababu sita, anapata alama, anasahau. Chuoni anakuta kisa kimepanda cheo. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wakati huo ikiwa changa na yenye moto, iliwatuma wanafunzi wake makwao kusini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha kumbukumbu za vita hiyo. Ilikuwa kazi ya kishujaa, maana bila daftari za vijana wale tungekuwa leo tunasoma vita yetu kwa macho ya maofisa wa Kijerumani peke yao. Gwassa ndiye aliyekadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuteketeza vyakula, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Lakini wanahistoria wale walikuwa watu wa wakati wao. Nchi ilikuwa imepata uhuru miaka michache tu, Nyerere mwenyewe alikuwa ameitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, na swali lililokuwa hewani lilikuwa umoja: watu wasio na mfalme mmoja waliunganaje? Maji ya dawa ya mganga Kinjekitile wa Ngarambe yakawa jibu. Swali zuri, ila ukiuliza umoja tu utaona umoja tu. Wazee waliulizwa juu ya viongozi, wajumbe na mapigano. Jikoni hakuulizwa mtu.

Ilichukua karibu miaka thelathini jikoni kufikiwa. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliandika makala kuhusu Uzaramo ambayo kichwa chake kina njaa na nguruwe mwitu, na wanafunzi wakikiona kwa mara ya kwanza hucheka. Hoja yake haichekeshi. Utawala wa Kijerumani ulibana uwindaji na kufunga misitu, huku wanaume wakichukuliwa au wakitoroka kwenda kwenye vibarua vya mbali. Waliokuwa wakitega na kuwinga nguruwe hawapo. Nguruwe wanaingia shambani usiku mmoja wanamaliza mihogo. Anayebaki kulinda shamba, kulima, na kuamua watoto wale nini ni mwanamke, na mamlaka ndani ya nyumba yanaanza kubadilika kabla hata risasi ya kwanza haijalia. Vita ya mwaka 1905, kwa jicho hilo, ilikuwa pia mgogoro wa kaya. Mwaka uliofuata Jamie Monson akaonyesha kuwa huko nyanda za juu kusini kuingia vitani au kukaa kando kulifuata uhusiano wa zamani wa watawala na wafuasi wao, nani ana deni kwa nani, nani alimpiga nani zamani. Mwaka 2010 yeye na James Giblin wakahariri kitabu kizima cha kuisoma upya vita hiyo.

Sasa angalia kilichotokea. Hakuna aliyegundua sanduku jipya la siri. Nyaraka nyingi zilikuwepo, na hata masimulizi ya 1968 yalikuwepo. Kilichokuja ni maswali ambayo mwanasosholojia wa familia anayauliza kila siku: kaya ni akina nani, nani anafanya kazi gani, nani anaamua, wanaume wakiondoka nini kinageuka. Na kinyume chake ni kweli pia. Mwanasosholojia akizungumza leo juu ya kaya zinazoongozwa na wanawake kusini mwa Tanzania kana kwamba ni tukio la juzi lililoletwa na simu na bodaboda, anahitaji mtu wa kumkumbusha 1905.

Mombasa ina mfano wake, nitaupitia haraka. Kitabu cha Frederick Cooper cha mwaka 1987 kuhusu bandari hiyo kinaeleza mgomo mkuu wa Januari 1947 na yaliyoufuata. Msomaji wa kawaida angetarajia chama, viongozi na madai ya mshahara. Cooper anauliza jambo la ndani zaidi: kwa nini serikali ya kikoloni iliwaogopa vibarua wa kutwa, watu wanaofanya kazi leo na kesho wakikaa, kuliko ilivyowaogopa wafanyakazi wa kudumu? Kibarua ana kwao, ana shamba, ana ndugu wa kumlisha, hafungiki kwa saa ya mwajiri. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 nguvu nyingi zilitumika kumgeuza awe mwajiriwa wa kudumu. Leo tunazungumza juu ya vijana wa kazi za siku kwa siku kama tatizo jipya linalohitaji mradi mpya.

Miradi, basi. Hapa ndipo ninapowaudhi rafiki zangu wa sosholojia. Tafiti nyingi za vijijini zinazofadhiliwa huja na dodoso, na dodoso huwa na swali kama hili: Umeishi kijijini hapa kwa muda gani? Chini yake visanduku. Chini ya mwaka mmoja, mwaka mmoja hadi mitano, mitano hadi kumi, zaidi ya kumi. Bibi wa miaka themanini anawekewa alama katika “zaidi ya kumi”, pamoja na mwalimu aliyehamia miaka kumi na miwili iliyopita, na kompyuta inawahesabu kuwa sawa.

Bibi huyo hakuzaliwa hapo. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kazi hiyo iishe kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa katika Operesheni Vijiji, mahali pengine kwa malori, mahali pengine nyumba zikibomolewa au kuchomwa ili mtu asipate pa kurudi. Walikotoka yakabaki mahame, na mahame yana minazi, miembe, makaburi na wenyewe. Masharti yalipolegea miaka ya 1980, wenyewe wakaanza kudai. Kesi zikajaa mahakamani hadi Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila kwa ardhi iliyogawiwa wakati wa operesheni, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikabatilisha vipengele vyake kwa kuwa vilikiuka Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja na kifungu kinachohalalisha ugawaji uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1977. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini ya ugomvi, na dodoso limeimeza yote ndani ya kisanduku kimoja.

Kisha ripoti inaandikwa kwamba “kiwango cha kuaminiana baina ya wanakijiji ni cha chini” na inapendekeza semina.

Simsemi mtu kwa ubaya. Aliyeandika dodoso lile alifundishwa vizuri jinsi ya kuchagua sampuli na kupanga maswali, ila hakuna aliyempeleka kwenye nyaraka za mkoa kusoma barua za mwaka 1974. Mwenzake wa historia, kwa upande wa pili, anaweza kukueleza operesheni hiyo kwa hotuba, maazimio na tarehe, na asiwe amewahi kukaa kikao kimoja cha baraza la ardhi la kijiji kusikia 1974 inavyotumika kama silaha asubuhi ya leo.

Kuna faida nyingine ya kuzisoma pamoja ambayo haionekani mpaka miaka ipite. Utafiti wa jamii wa leo ni waraka wa mwanahistoria wa kesho. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mnamo 1956 na 1957, ukachapwa kitabu mwaka 1963. Aliuliza kodi ya chumba, kazi, kabila, nani anaishi na nani katika zile nyumba za Kariakoo na Magomeni zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma, ambako mwenye nyumba na wapangaji wake wanapokezana jiko na choo. Wakati ule ilikuwa ni sosholojia ya kumsaidia mtawala. Leo hakuna anayeandika historia ya jiji hilo bila kupita kwake. Lakini mwenye mafunzo ya historia atasita kidogo na kuuliza: mpangaji wa mwaka 1956, mwaka ambao TANU inatimiza miaka miwili, akigongewa mlango na mtu wa serikali anayetaka kujua mshahara wake, alijibu nini? Na mwenye mafunzo ya sosholojia ya kuhoji atajua namna ya kulipima jibu hilo badala ya kulitupa.

Narudi vyuoni. Hali ilivyo kwa kawaida ni kwamba mwanafunzi anayechanganya masomo haya ana ratiba mbili, idara mbili, na wahadhiri ambao wakikutana hukutana kantini. Asubuhi anaelezwa Durkheim na mshikamano wa jamii, mchana anaelezwa utawala wa kupitia machifu aliouleta Gavana Donald Cameron Tanganyika katikati ya miaka ya 1920. Hakuna anayempa swali la mtihani linalomlazimisha kuviunganisha: je, hilo “kabila” ambalo mhadhiri wa asubuhi amelichukulia kama kundi la asili, si ndilo ambalo ofisa wa mchana alikuwa analipanga upya kwa ramani na orodha ya kodi? Iliffe ana sura nzima juu ya jambo hilo katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979. Sura hiyo ingesomwa na madarasa yote mawili wiki moja, wahadhiri wote wawili wakiwa wamekaa mbele na wakibishana, vijana wangejifunza zaidi ya muhula mzima wa desa.

Wapo wanaosema shahada ya namna hii inazaa mtu wa nusu kwa nusu. Wana hoja, na ni nzito kuliko watetezi wanavyokubali. Nimeona wahitimu waliokwepa takwimu kwa kisingizio cha historia, kisha wakakwepa nyaraka kwa kisingizio cha sosholojia, wakabaki na maneno makubwa ya nadharia na insha zinazoelea. Dawa yake ni kuwabana. Asihitimu mtu ambaye hawezi kulisoma jedwali la sensa na kuligundulia kasoro. Asihitimu pia ambaye hajawahi kukaa kwenye chumba cha wasomaji, iwe Nyaraka za Taifa Upanga, Kilimani kule Unguja, au lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi, akaagiza jalada, akakuta si alilotaka, akaagiza jingine. Zanzibar na Lamu kuna barua na hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo wajukuu wa waandishi wake hawawezi kuzisoma. Muhula mmoja wa herufi hizo ungemfaa kijana wa pwani kuliko muhadhara wa nne juu ya Weber.

Na ajira? Shahada hii haimpeleki mtu moja kwa moja kwenye dawati lenye jina lake, na asidanganywe. Akiongeza ualimu atafundisha. Bila ualimu atagombea uafisa maendeleo ya jamii katika halmashauri, au kazi za mashirika, au uandishi, akiwa pamoja na wengine wengi. Lakini halmashauri zetu zina migogoro ya mipaka ya vijiji, ya wakulima na wafugaji, ya hifadhi na waliokuwa wakiishi ndani yake kabla haijaitwa hifadhi. Yote ina tarehe na yote ina watu. Anayepelekwa kusuluhisha kwa kawaida anajua kimoja, na mara nyingi hakijui vizuri.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wakuu wa idara hizi mbili ni dogo na halihitaji jengo jipya. Tasnifu ya mwaka wa tatu kwa wanaochanganya iwe moja, isimamiwe na watu wawili, na isipokelewe bila vitu viwili: mafaili yaliyosomwa na watu waliohojiwa, juu ya mahali palepale. Ianze na Operesheni Vijiji, maana aliyehamishwa mwaka 1974 akiwa na miaka 25 sasa amevuka 70 na hatatungoja tumalize vikao vya mitaala. Vijana wa 1968 walifanya hivyo likizoni, wakarudi na daftari zilizojaa. Wa leo wana simu zinazorekodi mfukoni. Kinachokosekana ni nauli, posho ya wiki tatu, na wasimamizi wawili walio tayari kusoma kazi moja.